Jembe la Kimo cha Akeno

Asubuhi ile Akeno aliinama kuchota mchanga na hakuinuka tena. Wenzake walicheka kwanza, maana Akeno ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa mfereji mzima. Leo angemwigiza meneja anavyotembea, kesho angemwigiza mbuzi aliyekula sabuni. Walidhani ni mchezo mwingine. Yeye akabaki vivyo hivyo, mikono magotini, jasho likimdondoka puani, mpaka Akoru, aliyekuwa mnyapara wao, alipomkaribia na kuona uso wa rafiki yake umegeuka rangi ya majivu.

"Inuka basi," Akoru alimwambia.

"Naona kichwa kimekubali," Akeno akajibu kwa sauti ndogo. "Mgongo ndio umekataa."

Walimrudisha nyumbani kwake Nakwamekwi akiwa amejikunja hivyo hivyo, macho yakitazama vidole vya miguu yake mwenyewe, Akoru amemshika kiuno. Watu wa njiani waliwapisha wakidhani ni bibi kizee. Akeno hakuwa bibi kizee. Alikuwa rika moja na Akoru, walitoka pamoja Namoruputh mwaka ule mbuzi walipokwisha, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa na jembe mkononi. Walilijulia Lodwar.

Kazi yao ilikuwa kuzibua mifereji. Mto Turkwel ukifurika huingia kwenye mifereji ya mashamba, ukiondoka huiacha imejaa mchanga na mizizi ya miti ya miiba ya mathenge, na mkandarasi aliyepewa kazi ile aliona wanawake ni rahisi kuliko tingatinga. Kila asubuhi kamba ilitandazwa, kila mwanamke akapimiwa kipande chake, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda zake kabla kipande hakijaisha. Majembe yalikuwa ya mkandarasi. Mpini ukivunjika ulikatwa penye ufa ukarudishwa, ukivunjika tena ukakatwa tena, hata mingi ikabaki urefu wa mkono wa mtu. Ukilishika jembe la namna hiyo huna budi kuiinamia ardhi kama aliyeangusha sindano, na ukae hivyo kutwa. Jioni wanawake walitembea kuelekea mjini wakijinyoosha kidogo kidogo, na wapo ambao mpaka wafike mlangoni walikuwa bado hawajanyooka.

Akeno alilala chini siku kadhaa, Akoru akimkanda kwa maji moto na kumletea uji. Kisha akarudi kazini, kwa kuwa asiyefanya kazi hali. Ila aliporudi alikuwa amepinda kidogo upande mmoja, kama mti uliozoea upepo.

Siku hizo hizo ndipo Lotiir alipokuja kwenye mfereji. Alikuwa kijana wa Kiturkana aliyesomea ubunifu wa vifaa chuo kikuu, akaajiriwa na shirika moja lenye ofisi Kakuma. Hakuja na maneno mengi. Aliketi kwenye ukingo akawatazama wakichimba, akapiga picha za migongo yao kutoka ubavuni, kisha akamwomba Akoru ampe jembe. Alichimba kidogo, akaacha, akabaki ameshika kiuno chake mwenyewe.

"Pole, mama," alimwambia akihema. "Hii si kazi. Hii ni adhabu."

"Ni kazi," Akoru alimjibu. "Adhabu ni kuikosa."

Lotiir alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliwaeleza kwamba mama yake aliyemlea alikuwa amepinda vivyo hivyo, na kwamba tangu shuleni alijiuliza kwa nini mtu ndiye alazimike kulifuata jembe, jembe lisimfuate mtu. Shirika lake lingelipia majembe mapya kama yeye angeonyesha yanafaa. Alitaka wanawake wawili waende naye Kakuma kwa fundi. Akoru alijitaja mwenyewe kwa kuwa ndiye mnyapara, kisha akamtaja Akeno.

"Mgongo mbovu huo wa nini?" mmoja wa wenzao akauliza.

"Huo ndio ninaoutaka," alisema Lotiir. "Ukiridhika huo, mingine yote itaridhika."

Fundi alikuwa Kasongo, Mkongomani aliyekimbia Uvira na kuzeekea kwenye kambi ya wakimbizi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichojaa springi za magari mabovu, na ndani mlikuwa na joto la kupikia mkate. Aliwapokea wanawake wale kwa heshima, akawapa viti, akawauliza wameacha watoto na nani. Kisha akaanza kumpima Akeno: kutoka ardhini hadi kwenye kiwiko, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, upana wa kiganja kikiwa kimefumbwa.

"Mama, simama muzuri," alimwambia. "Usijikaze. Simama vile unasimama ukingoja maji."

"Huyu ananishonea nguo ama jembe?" Akeno aliuliza kwa Kiturkana, na Akoru akaangua kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu siku ya mgongo.

Jembe la kwanza lilikuwa zuri kwa macho tu. Mpini ulikuwa mrefu, lakini bapa lilikuwa zito hata kifundo cha mkono cha Akoru kikalia. "Hii jembe iko nzito sana," alimwambia Kasongo. "Hii itaua mtu polepole." La pili lilikuwa jepesi, ila ukilipiga mchangani linateleza juu juu kama kijiko. Kasongo alilirudisha motoni, akalikunja bapa kuelekea kwa mshikaji mpaka likakaribia kuwa kama mkono unaojikuna. Lotiir akachora kishikio cha pili, kipini kifupi kilichotokeza ubavuni mwa ule mrefu na kusogezwa juu au chini kwa nati, ili mrefu na mfupi kila mmoja aweke pake. Kasongo akakivisha mpira wa tairi la baiskeli. Walibishana, wakapimana, wakakunywa chai, wakabishana tena.

Hatimaye Akeno alilichukua, akatoka nje ya kibanda, akalipiga chini mara moja. Mchanga ukaja wenyewe miguuni pake. Akapiga tena. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayefagia.

Hakufanya mzaha wowote. Alisimama pale na jembe mkononi, machozi yakamtoka, na Kasongo akageuka kuufuata moto wake ili asimwone.

"Basi tutayafanya yote kwa kipimo chake," alisema Lotiir.

Majembe yalipofika Lodwar, wanawake wengine waliyadharau. Bibi mmoja alisema mwanamke anayechimba amesimama wima anafanana na mtu anayefukuza nyoka. Lakini waliyajaribu, na hawakuhitaji kufundishwa. Mkono ulijua wenyewe pa kushika. Bapa liliuma mchanga kwa uzito wake, na mizizi ya mathenge iliyokuwa ikiwasumbua ilikatika kwa pigo moja au mawili. Haukupita muda wakawa wanamaliza vipande vyao kabla jua halijawa kali. Walikaa chini ya kivuli cha miti ya mikoma wakisuka vikapu, wakinyonyesha, wakisengenya. Akeno alirudia vituko vyake. Jumapili moja kanisani alicheza mbele ya madhabahu hata mchungaji akapiga makofi, na Akoru aliyekuwa amesimama nyuma yake aliutazama mgongo ule ukipanda na kushuka, akahisi amefanya jambo moja jema maishani mwake.

Aliyewaona chini ya mikoma ni Ekaale, meneja wa mkandarasi. Hakuwa mkatili kwa sura. Alikuwa mtu wa Lodwar, mpole wa kusalimia, mwenye kofia ya manjano ya plastiki aliyokuwa akiivua kila alipozungumza na wanawake. Alivua kofia, akamwita Akoru kando.

"Mama Akoru, hawa wanangoja nini?"

"Wamemaliza."

"Mapema hivi?"

"Jembe ni zuri," alisema Akoru, na alikuja kuyakumbuka maneno hayo kwa uchungu, maana aliyasema kwa fahari.

Kesho yake kamba ilikuwa ndefu zaidi. Wanawake walinung'unika, wakachimba, wakamaliza adhuhuri badala ya asubuhi. Juma lililofuata kamba ikarefuka tena. Sasa walimaliza jioni kama zamani, isipokuwa kwamba walikuwa wamesimama. Ujira ulikuwa ule ule. Akoru alijiliwaza kwamba angalau hakuna anayerudi nyumbani amejikunja. Kisha Ekaale akavua kofia mara ya pili.

"Ofisi inasema wako wengi mno," alisema. "Nusu yao watatosha. Nichagulie nusu."

Akoru alidhani hakusikia vizuri. "Nichague nini?"

"Wa kubaki. Wewe unawajua. Mimi nikichagua nitakosea, nitamwacha mvivu nimfukuze mchapakazi. Usiniangalie hivyo, mama. Si mimi. Lotiir wenu mwenyewe alisimama mkutanoni mbele ya mkandarasi akasema jembe moja la sasa linafanya kazi ya mawili ya zamani. Watu wakampigia makofi. Sasa wewe unadhani mkandarasi alisikia nini?"

Akoru alimpigia Lotiir simu siku hiyo hiyo, naye kijana akaja mbio kutoka Kakuma na vumbi lake usoni. Alikwenda ofisini kwa mkandarasi, akakaa humo muda mrefu, akatoka na uso wa mtu aliyepigwa. Aliketi na Akoru kwenye ukingo wa mfereji, pale pale alipoketi siku ya kwanza.

"Nilisema kweli," alisema. "Ilibidi niseme kweli, la sivyo shirika lisingelipia. Nilidhani wataona migongo. Wao wameona idadi."

"Sasa waambie umekosea."

"Sikukosea, mama. Jembe linafanya kazi ya mawili. Wewe mwenyewe unajua."

Akoru alijua.

Wanawake walikutana nyumbani kwa Akeno. Ni Akeno aliyetoa shauri. Alisema jembe halimkimbizi mtu, mtu ndiye hulikimbiza jembe, basi walikimbize polepole. Kila mmoja achimbe kwa mwendo wa zamani. Kamba isiishe. Ofisi ikiona kazi inasuasua itajua kwamba wote wanahitajika. Hata wale waliokuwa na mashaka waliinua mikono, na kwa siku chache mfereji ukawa kama msafara wa kobe. Walichimba wakiwa wima, wakiimba taratibu, wakisimama mara kwa mara kusogeza vishikio ambavyo havikuhitaji kusogezwa. Ekaale alipita akatazama, akapita tena.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Akuwam. Alikuwa kijana kuliko wote, mjane mwenye watoto wadogo wasio na mwingine, na hofu ilimla usiku na mchana. Akoru alimwona akianza kuongeza mwendo kidogo, halafu zaidi, macho chini, bila kumtazama yeyote. Jembe liliimba mikononi mwake. Mchana ulipofika kipande chake chote kilikuwa kimeisha, safi kama sakafu, katikati ya vipande vya wenzake ambavyo havijafika nusu. Wanawake waliutazama ule mfereji wake uliozibuka, na hakuna aliyemtukana. Kila mmoja alifikiria wake walioko nyumbani. Kesho yake walikuwa wanachimba wote kwa nguvu zao zote, kila mmoja akijaribu kumpita jirani yake.

Ekaale alivua kofia mara ya tatu. "Majina, mama. Au niteue mnyapara mwingine anipe."

Akoru alikuwa na jioni moja ya kufikiri. Alifikiri kwa mikono na migongo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na ule mwaka. Nani ana nguvu, nani anapumua vibaya, nani amejifungua juzi. Jina la Akeno alilizunguka kama mtu anayekwepa shimo njiani. Akeno alichimba vizuri kwa jembe jipya, lakini ule mpindo wa ubavuni haukuwa umekwisha, na kwa kamba ya sasa iliyokuwa ndefu kiasi kile alikuwa wa mwisho kumaliza kila siku. Akimweka Akeno, itabidi amtoe mwenye nguvu kuliko yeye, na wote watajua kwa nini, na Ekaale atajua, na unyapara utakwenda. Akajiambia kwamba mgongo ule ukipumzika utapona. Akajiambia hivyo mpaka akakaribia kuamini.

Alimpa Ekaale majina na akamwomba ayasome yeye. Asubuhi wanawake walisimama kwa mstari, Ekaale akataja wa kubaki. Akoru alitazama mto. Majina yalipokwisha, waliokosa walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakimlaani mkandarasi na ukoo wake. Akeno hakuondoka. Alikuja mpaka mbele ya Akoru, jembe bado mkononi.

"Ni wewe uliyechagua?"

Akoru alikaza mkono kwenye mpini wa jembe lake.

"Hilo jembe ulilolishika lina kimo changu," alisema Akeno. "Kiwiko changu. Kiganja changu. Walinipima mimi, Akoru. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti unanicheka."

"Mgongo wako, nilifikiri..."

"Usiseme mgongo wangu."

Aliliweka jembe chini, hakulitupa, akaenda zake kwa mwendo wake wa upande. Akoru alitaka kumfuata. Kamba ilikuwa imeshatandazwa.

Miezi iliyofuata ilimfundisha Akoru jambo ambalo hata Lotiir hakuwa amelijua. Kusimama wima kunamwokoa mtu iwapo ana ruhusa ya kupumzika. Bila mapumziko mwili hutafuta mahali pengine pa kuvunjikia. Wanawake waliobaki hawakuumwa tena viuno. Waliumwa mabega, shingo, na vifundo vya mikono. Akoru aliamka asubuhi vidole vimekufa ganzi, akavitikisa mpaka vikarudi na sindano zake. Ilimbidi ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuimbia.

Habari za Akeno alizisikia kwa watu. Alikwenda kuchimba mchanga wa ujenzi kwenye lagi, mkondo mkavu unaomwagika mtoni, chini kidogo ya mashamba. Malori yalikuja pale kuubeba kwenda kwenye nyumba mpya za Lodwar. Wachimbaji walitumia chochote walicho nacho, na Akeno alikuwa na kijembe cha mpini mfupi alichokiokota kwenye lundo la chuma chakavu. Mchanga mzuri haukuwa juu. Ulikuwa chini, ndani ya ukuta wa kingo, kwa hiyo walichimba kuingia ubavuni mwa kingo wakiwa wameinama, na ukuta ukabaki umening'inia juu yao. Akoru alipita huko siku moja akitoka kazini, akamwona kwa mbali, mgongo wake ukiwa kitu pekee kilichoonekana shimoni. Alisimama. Alifungua kinywa amwite, akashindwa kujua baada ya kumwita angesema nini. Akaenda zake.

Siku ukuta ulipoanguka, wanawake wa mfereji walisikia mtikisiko kabla ya kelele. Halafu mtu akapiga yowe kutoka lagini, na jingine, na Akoru akajua kabla hajaambiwa. Alikimbia na jembe mkononi, wenzake nyuma yake, Ekaale akipiga kelele kwamba kazi haijaisha.

Mchimbaji mwenzake Akeno, mzee aitwaye Lopeyok, alikuwa akiparua mchanga kwa viganja. "Tuliusikia ukitoa mlio," alisema akilia. "Mimi niliruka. Yeye alijaribu kuinuka, mama. Alijaribu. Mgongo ulimshika pale pale alipoinama."

Walijipanga bila kuambiana. Yale majembe marefu yaliushusha mchanga kwa kasi ambayo Lopeyok alisema hajapata kuiona, wanawake wakichimba bega kwa bega na wengine wakisomba kwa karai, mpaka Akoru alipoona pindo la leso. "Wekeni majembe!" alifoka. "Mikono! Mikono tu!" Walipiga magoti. Akoru aliita jina lake, akachimba kwa vidole visivyokuwa na hisia, akaita tena. Nywele zikatokea, kisha paji la uso. Akamfuta mchanga puani na mdomoni. Akeno alikohoa, akavuta pumzi yenye mlio wa msumeno.

Walishangilia. Lopeyok alipiga magoti akamshukuru Mungu. Akoru peke yake hakushangilia, kwa kuwa alikuwa amemshika Akeno miguu wakimtoa shimoni, na aliona ile miguu inavyokuja bila kusaidia chochote.

Hospitali walifanya walichoweza. Daktari alikuwa mkweli: uti wa mgongo umekatika chini, miguu haitarudi. Akeno alisikiliza huku akitazama dari. Lotiir alikuja kutoka Kakuma na salamu za Kasongo na mfuko wa matunda. Alisimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia. Akoru alimkuta baadaye kwenye korido, uso ameuweka ukutani. Kijana alimwambia ameomba kuacha kazi. Akoru alitaka kumfariji, kwa kuwa ni kijana na moyo wake haukuwa mbaya, lakini alichoka ghafla, akachukua mfuko wa matunda mikononi mwake akarudi ndani.

Siku ya pili baada ya mkasa, wanawake wa mfereji waliketi chini. Ni Akoru aliyewaketisha. Alimwambia Ekaale kwamba hawatagusa jembe mpaka kamba ifupishwe na walioachishwa warudishwe. Safari hii hata Akuwam aliketi, wa kwanza kabisa. Ekaale hakugomba. Alisikiliza akiwa ameshika kofia, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akapanda pikipiki yake kwenda mjini.

Alirudi na lori limejaa watu. Lodwar haikosi wenye njaa. Walikuwa wanawake wa Kanamkemer na wengine wa mbali zaidi, wapo ambao hawakuwahi kuchimba mfereji maishani mwao. Waligawiwa majembe. Akoru aliwatazama wakiyashika, akangoja wababaike, akangoja washindwe. Hawakubabaika. Jembe liliwaongoza. Walisogeza vishikio, wakasimama wima, bapa likauma, mchanga ukaja miguuni. Kabla jua halijafika utosini walikuwa wakichimba kama watu waliozaliwa mferejini.

Akoru alielewa wakati huo ni kitu gani walichokitengeneza kwa Kasongo kwa upendo mwingi vile. Jembe bovu la zamani lilimhitaji mtu aliyelizoea, mwenye ujuzi wa kulidanganya na kujidanganya. Hili jema lilimkubali yeyote.

Wenzake walirudi mmoja mmoja kuomba kazi, na Ekaale akawapokea baadhi. Akuwam alifanywa mnyapara. Hakuutaka unyapara ule, alisema hivyo waziwazi, ila akauchukua. Akoru alikuwa wa mwisho kurudi. Alirudi kwa sababu Akeno alikuwa ametolewa hospitali na hakuwa na pa kwenda. Nyumba ya Nakwamekwi ilikuwa ya kupanga, na jamaa zake Namoruputh walikuwa na shida zao. Akoru alimleta kwake kwa mkokoteni uliotandikwa magunia, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akatandika chini. Akuwam alimpimia kipande bila kumtazama usoni, na Akoru hakumlaumu.

Kwa majuma mengi Akeno hakumsemesha ila kwa haja. Maji. Chungu. Nzi. Akoru alimwosha asubuhi kabla ya kwenda mferejini na jioni baada ya kurudi, akamgeuza ili asipate vidonda, akambadilishia nguo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa nusu, mara nyingine sufuria ilimponyoka, na Akeno aliitazama ikianguka.

Jioni moja, jua bado liko mlangoni, Akoru alikuwa akimlisha ugali na maharagwe. Akeno alitafuna, akameza, akasema, "Nilikusikia."

"Lini?"

"Chini ya mchanga. Nilikusikia ukiniita. Mdomo wangu haukuwa umejaa bado, kulikuwa na uwazi kidogo hapa." Aligusa shavu. "Ningeweza kuitika."

Akoru alishusha kijiko.

"Sikuitika. Nilisema moyoni, huyu asiwe ndiye wa kunitoa. Nife, lakini asiwe huyu."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania dumu la maji. Akoru alitaka kusema samahani, neno ambalo alikuwa ameshalisema hospitali, na njiani, na kila usiku bila kutoa sauti, na sasa lilikuwa limechakaa. Alisema tu, "Nisingeacha kuchimba."

"Najua. Ndiyo maana nakuchukia na chakula chako nakila."

Alifungua kinywa, Akoru akamtilia ugali. Walikaa hivyo mpaka bakuli likaisha. Kisha Akeno akafumba macho na kusema ubavu umeanza kumwuma. Akoru alipitisha mkono mmoja chini ya mabega yake na mwingine chini ya nyonga, akainama, akamgeuza upande wa ukutani.